Nzi Watiifu Mno

Kahororo, Bukoba
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Muganyizi,

Nakusikia uani, wewe na baba yako, mnabishana juu ya kamba ya begi. Yeye anasema mzigo wa ndege haufungwi kamba kama gunia la maharage, wewe unasema zipu imechoka na haiaminiki. Mimi nimejifungia chumbani. Nimesema nasahihisha madaftari. Sisahihishi, nakuandikia wewe.

Kesho asubuhi unaondoka. Habari za koti, pasi, dawa na namba za simu baba yako amekwisha kuzisema mara tatu, na wewe umeitikia mara tatu, kwa hiyo hayo nayaruka. Nataka kukuambia mambo mawili ambayo kwa mdomo yamenishinda. La kwanza unalijua, ila hatujawahi kulizungumza tangu litokee, na sasa ni mwaka wa nane. La pili hulijui kabisa. Hata baba yako amelisikia jana tu.

Nianze na zile chupa.

Ulikuwa Kidato cha Tatu. Ile likizo ulikwenda Kagoma kwa bibi yako, na ukakaa siku nyingi karibu na mtumbwi wake wa kukamulia ndizi za rubisi. Ulimuuliza kwa nini nzi wadogo wanaifikia pombe kabla ya watu. Akakujibu, "Kwa sababu wao hawaendi kanisani." Ulirudi Bukoba unacheka, na ndani ya begi la shule umeleta chupa ya jemu iliyozibwa kwa pamba, na nzi kama ishirini ndani. Baada ya miezi mitatu chupa zilikuwa kumi na moja, zimepangwa stoo, kila moja na karatasi ya tarehe kwa penseli. Ndizi mbivu zilikuwa zinapotea jikoni na hamira ilikuwa haikai wiki. Nilinung'unika kidogo, basi.

Shida ilikuwa kwamba nilikuwa mama yako na pia mwalimu wako wa Biolojia. Asubuhi tukitoka nyumbani ni Mama, tukivuka geti la shule ni Madamu. Wewe ulivumilia kuliko mimi.

Siku ile nilikuwa nafundisha mgawanyiko wa seli. Nilisema nilichokuwa nikisema kila mwaka: seli inakula, inakua, ikijaa inagawanyika. Nikachora ubaoni duara linalonenepa, halafu maduara mawili. Ukanyoosha mkono.

"Madamu, ni nini kinachoiambia kwamba sasa imejaa?"

"Ni asili yake," nikasema.

"Lakini yai la nzi wa matunda halikui hata kidogo. Likishatagwa ukubwa wake ni uleule, na kiini ndani yake kinagawanyika mara nyingi, haraka haraka, bila kungoja chochote kijae. Kwa hiyo si kujaa, Madamu. Kuna kitu kingine kinachoamua."

Uliyasema kwa adabu. Ninaweza kuapa juu ya hilo. Lakini macho yote ya darasa yakamtazama mtoto wa mwalimu anayembishia mama yake. Ningeweza kusema, "Sijui, tutafute." Ni maneno mawili tu hayo. Badala yake nikasema, "Kaa chini, Muganyizi. Mtihani wa taifa hautakuuliza habari za nzi wa pombe ya bibi yako."

Darasa zima lilicheka. Ukakaa. Kuanzia siku ile wenzako walikuita Rubisi, na jina hilo nililisikia korido nzima mpaka mwisho wa mwaka. Mimi ndiye niliyekubatiza.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo wazee wa usharika walikuwa waje kwetu kwa ibada ya nyumbani. Baba yako alikuwa bado kwenye zahanati ya kisiwa cha Goziba wakati ule, na ziwa lilichafuka, boti haikutoka. Nilikuwa peke yangu na sufuria, na viti vya kuazima, na nzi wawili wakatua kwenye jagi la juisi. Wawili tu. Nikachemsha maji nikaenda stoo. Nilimimina maji ya moto katika chupa moja baada ya nyingine, nikasugua kwa sabuni, nikabandua karatasi zako, nikazipanga chupa zimeinama juu ya kichanja cha vyombo. Zilikuwa zinang'aa.

Ulirudi shuleni ukaenda moja kwa moja stoo, halafu ukaja kusimama mlangoni pa jiko.

"Mama, chupa zangu ziko wapi?"

"Ziko pale, nimeziosha. Nyumba si mahali pa kufugia uchafu, na leo tuna wageni."

Ukazitazama kichanjani. Nadhani ulikuwa unazihesabu.

"Asante kwa kuziosha, Mama," ukasema, ukaenda kubadilisha sare.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na maneno tayari ya kukujibu. Ile asante haikuwa na pa kujibiwa. Wazee walikuja, tukaimba, wakasifu juisi. Na tangu siku hiyo ukawa mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote, Mungu anisamehe: ukiulizwa unajibu kama kitabu, neno kwa neno, nukta mahali pake. Swali hukuuliza tena.

Sasa la pili, ambalo ndilo mzizi wa hilo la kwanza.

Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa na rafiki, Swaumu. Alikuwa binti wa Bukoba mjini, wa familia zile za Kiislamu ambazo mababu zao walitoka pwani wakifuata biashara, wakaoa kwetu na wakabaki. Katika mwaka wetu wasichana wa Bukoba tulikuwa wawili tu, tukagawana chumba, sufuria na hadubini. Yeye alikuwa na jicho. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri.

Tulipewa nzi wa matunda, wenye mabawa mazima na wenye mabawa mafupi, tuwazalishe mpaka wajukuu kisha tuwahesabu. Unajua kitabu kinavyosema: katika kila wajukuu wanne, watatu mabawa mazima, mmoja mafupi. Chupa zetu ziliingia ukungu. Wengi walikufa, na waliobaki hawakukaribia kufanana na kitabu. Swaumu akasema, "Tuandike hivyohivyo, na tuandike kwamba ukungu uliingia." Nikakubali. Kesho yake akaugua malaria akalazwa, daftari likabaki kwangu. Nikaandika hesabu za kitabu.

Mhadhiri wetu alikuwa mzee mpole, mfukoni hakosi lenzi. Aliisoma ripoti yetu amesimama, akatabasamu.

"Nzi hawa ni watiifu mno," akasema. "Nani aliwahesabu?"

Muganyizi, nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Alikuwa ananingoja, na hakuwa mkali. Nikasema, "Swaumu ndiye aliyehesabu. Mimi niliandika tu."

Swaumu alirudi kutoka hospitali akakuta anatakiwa kurudia mafunzo yale ya maabara, na kwa ajili hiyo mwaka mzima. Alinitazama siku moja kitandani kwake, akitaka kusema kitu, halafu akageukia ukutani. Mimi nikamaliza mwaka wangu vizuri. Yule mhadhiri akaniita, akasema ana kazi ya msaidizi katika maabara yake. Alitaka kufuatilia jinsi seli ya nzi inavyojua wakati wa kugawanyika. Ndiyo, swali lako lilelile. Nikakubali kwa furaha. Asubuhi ya kuanza kazi nikafika mpaka mlangoni, na karibu na mlango palikuwa na orodha ya wanaorudia, jina la Swaumu la kwanza. Nikageuka. Nyumbani nikasema sikuchaguliwa. Babu yako alikasirika sana kwa ajili yangu, akasema wasichana wa Bukoba wanaonewa. Nilimwacha aamini hivyo mpaka akafa.

Kwa hiyo uliponyoosha mkono, sikumsikia mtoto wa miaka kumi na sita anayeuliza. Nilisikia kitu ambacho nilikuwa nimekifungia nje kwa miaka mingi kinabisha hodi ndani ya darasa langu. Hiyo si sababu ya kutosha ya kuua nzi wa mtu. Ila ndiyo sababu yenyewe.

Ulikuwa na kile kitabu cha chuo kisicho na jalada, ulichonunua kwa muuza mitumba sokoni. Siku moja uko kwenye mazoezi ya kwaya nikakitoa chini ya godoro lako. Nilikisoma nimekaa juu ya kitanda chako mpaka nikasikia sauti yako nje. Ulikuwa sahihi. Hukukosea hata neno moja, na pale uliposema "kuna kitu kingine kinachoamua", kitabu kilikuwa na sura nzima.

Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri. Unakumbuka niliingia darasani nikaandika ubaoni neno moja: Nilikosea. Nikafuta lile duara langu linalonenepa, ambalo halikuwepo tena ubaoni lakini nililichora upya ili nilifute mbele yenu. Nikasema Muganyizi aliuliza swali la kweli na mimi nilimdhihaki kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaeleza kadiri nilivyoelewa. Kijana mmoja nyuma akauliza, "Madamu, sasa kwenye mtihani tuandike kipi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaangalia dirishani.

Zilipita wiki. Halafu Jumamosi moja nilikuwa namenya ndizi, ukaja ukasimama palepale mlangoni pa jiko.

"Mama, kuna iliyoiva sana?"

Nilikupa mkungu mzima. Unajua kwamba jioni ile tulikula wali kwa sababu hiyo, na baba yako mpaka leo haelewi kwa nini nilikuwa naimba.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kunifundisha. Ulipokuwa chuo ulikuwa ukija likizo unaniwekea somo mezani, sahani hazijaondolewa. La mwaka juzi ndilo ninalolipenda zaidi.

"Kile kimeng'enya kinachoanzisha mgawanyiko kipo ndani ya seli tayari, Mama," ulisema. "Kimekamilika, ila kimezimwa. Kimeng'enya kingine kimekibandika fosfeti, na fosfeti hiyo inakizuia kufanya kazi. Kinakaa hivyo mpaka kije cha tatu, kiibandue. Ikibanduliwa tu, seli inaanza kugawanyika."

"Na hicho cha tatu kinatoka wapi?"

"Hapo ndipo penye utamu. Mwanzoni kinatoka kwa mama. Nzi jike anapotengeneza yai anaweka humo akiba ya kila kitu, ndiyo maana mwanzoni seli zinagawanyika mara kumi na tatu bila kungoja..." Ukajisahihisha mwenyewe. "Si seli. Ni viini tu, vyote ndani ya yai moja. Utando wa kuvitenganisha unajengwa baadaye."

"Halafu?"

"Halafu akiba ya mama inavunjwavunjwa. Mgawanyiko wa kumi na nne hauji mpaka seli itengeneze kimeng'enya chake yenyewe. Na hazifanyi hivyo pamoja. Hizi zinaanza, zile zinangoja, kila kundi kwa zamu yake."

"Isipotengeneza je?"

"Inasimama hapohapo. Yai halianguliwi."

Nikakuuliza hiyo akiba ya mama inatosha kwa muda gani. Ukasema, "Saa mbili hivi." Nikasema basi huyo nzi ana bahati, mimi nimepika miaka ishirini na mbili. Tulicheka mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Najua sasa unangoja niligeuze jambo hilo kuwa mahubiri ya kuagana. Siligeuzi. Nzi ni nzi, na wewe unakwenda kuwatazama jinsi walivyo.

Ila nikuambie nilichokiona juzi Kagoma, kwa sababu wewe hukukiona, ulikuwa ndani yake. Bibi yako, ambaye tangu uzaliwe anakuita Tata kama alivyomwita baba yake mzazi, alikukalisha kwenye mkeka akakuhoji.

"Tata, umesoma miaka yote hii, na sasa wanakupandisha ndege ukachunge nzi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hapa kwangu wapo, na hawahitaji nauli."

Ukacheka, kisha ukamweleza kwa Kihaya, polepole, kwamba mwili wa mtu nao unajengwa kwa seli kugawanyika, na kwamba vimeng'enya vinavyoziamuru vya nzi na vya kwetu ni ndugu. Kwamba kidonda kinapona kwa sababu seli zinaamriwa zigawanyike, na zinapoamriwa zisimame zinasimama. Na kwamba kuna ugonjwa ambao seli hazisikii tena amri ya kusimama.

Bibi akagusa shingo yake hapa, chini ya sikio.

"Hata ule uvimbe wa babu yako?"

Mtu anayeaga, anayempenda bibi yake, angeweza kusema: ndiyo Bibi, nitarudi na dawa. Lingekuwa neno tamu na angelala nalo. Wewe ukasema, "Sijui, Bibi. Inawezekana ulikuwa hivyo. Mimi nitatazama sehemu ndogo tu, na huenda nisione kitu."

Akakutazama sana. Akafungua mfuko wake wa buni za kutafuna, akakuwekea punje kiganjani, akakufunga vidole.

"Basi waulize vizuri," akasema.

Niliondoka pale moyo umetulia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu ukweli, nikaona huyahitaji. Unachokihitaji labda ni kidogo tu, na nakupa kama mtu aliyepita njia hiyo akaanguka: siku ambayo chupa zitaingia ukungu na mwalimu wako anangoja, na mwenzako hayupo, utasikia kwamba ni jambo dogo. Ni dogo kweli. Sema siku hiyohiyo likiwa bado dogo. Mimi langu nililiacha likakua kwa miaka ishirini na sita.

Maana sikukuambia mwisho wake. Wewe ulipopata barua ya kukubaliwa, ukanisomea kwa sauti mahali panaposema "nzi wa matunda", nilikukumbatia, nikaenda bafuni, nikalia. Si kwa furaha peke yake. Wiki iliyofuata nikaenda kumtafuta Swaumu. Haikuwa kazi. Miaka yote hii yuko Bukoba hapahapa, maabara ya hospitali, anasoma damu za watu. Nilijua. Nilimngoja atoke kazini.

Alinitambua kabla sijasema salamu. Akanipeleka kwake, akanipa chai ya tangawizi. Nilisema yote bila kupumzika, kama mwanafunzi aliyekariri. Nilipomaliza akasukuma sahani ya vitumbua upande wangu.

"Nilijua, Justa."

"Ulijua?"

"Nilipotoka hospitali walinionyesha ripoti na daftari. Jina langu, mwandiko wako. Na hesabu nilizokuwa nimeandika kwa penseli zimefutwa kwa ufutio, bado zinaonekana."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Nilikungoja wiki nzima. Halafu nikachoka." Akanywa chai. "Nilikasirika, usidhani. Miaka ya mwanzo nikikuona sokoni nilikuwa nabadilisha njia."

"Mimi nami nilikuwa nabadilisha."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe ndiyo maana hatujawahi kugongana!"

Ungemwona mtu mzima, mwenye wajukuu, anacheka mpaka mtandio unamdondoka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Akaniambia mwaka ule aliorudia ndio uliomfanya apende hadubini, na kwamba hajutii kazi yake. Akaniambia pia kwamba hilo halifanyi nilichofanya kuwa chema, nisijidanganye. Nikasema sijidanganyi. Alipoyamaliza hayo mawili akaniuliza habari za watoto wangu, na nikamwambia wa kwanza anakwenda kusomea vimeng'enya vya nzi.

Tangu siku hiyo amekuja hapa mara mbili, ukiwa haupo. Wewe unadhani vile vitumbua nilinunua.

Kamba ya begi imeisha, naona, maana sasa mnabishana juu ya mzani. Nitatoka niwasaidie. Barua hii nitaiweka ndani ya kile kitabu kisicho na jalada, kwa kuwa najua hutaondoka bila kukipakia, na najua utakifungua ndegeni. Kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa utakuwa umekwisha mwona mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani, aliyesimama nami uwanjani akakushika mikono yote miwili. Nitakuwa nimemtambulisha kwako kwa jina tu, kwa sababu mengine siwezi kuyasema pale penye watu. Sasa namtambulisha sawasawa: yule ni Swaumu, mama yako mdogo, na zile hesabu zake zilikuwa sahihi.

Mungu akuongoze, mwanangu. Nyumba iko palepale, na ndizi mbivu zipo.

Mama yako,
Justa